Mia na Moja

Jumatano jioni

Milioni moja na moja. Mpumbavu mimi, nililiambia darasa kwamba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Jana nilikuwa nikiijaribu kwa saba, kwa kumi na moja, nikapanda kwa namba tasa mpaka tisini na saba. Pembe ya msaragambo ikalia, kijiji kizima twende tukazibue mfereji. Nikaacha kalamu. Sikuirudia.

Leo Nakijwa akanyoosha mkono. "Mwalimu, inagawanyika kwa mia na moja."

Mia na moja! Ndiyo iliyokuwa inafuata. Badala ya kuigawa ubaoni nikamwambia ana kiburi, nikamtoa nje akapalilie bustani ya shule.

Walipotoka wote nikaigawa peke yangu. Elfu tisa mia tisa na moja, wala hakibaki kitu.

Njiani nikakutana na Nakijwa na baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nimesikia. Ahsante kwa kumfunza adabu huyu."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikajibu, "Ndiyo kazi yetu, mzee."

Nakijwa alikuwa kando yake, mikono bado ina udongo, ananitazama tu.