Mtumbwi wa Marehemu Nimeuhamisha

Lamadi,
20 Agosti 1995

Kaka yangu Jilala,

Mwadila, kaka. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Dutwa, wewe, wifi Apolonia na watoto. Kifua cha mama kinaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima. Mengine tunajikaza. Tangu Dastan wangu afariki, jioni bado namtengea maji ya kuoga, halafu nakumbuka.

Barua yako niliipata. Umesema nimkubali shemeji Shigela anirithi, kwa kuwa ng'ombe wa mahari mlishawagawana na hakuna wa kurudisha. Umesema pia nimwachie mtumbwi auweke anakotaka, maana mwanamke atajua nini habari za mialo na kuegesha mitumbwi. Nimekusikia. Sasa na wewe nisikilize.

Shigela anataka mtumbwi ukae kwenye mwalo wa tajiri mmoja, mnunuzi wa sangara, kwa sababu pale hakuna ushuru. Anasema mwalo wa kijiji unatoza kila mwezi, na mlinzi wa mashine za mitumbwi analipwa mbali, sasa kwa nini tulipie mchanga? Maneno hayo yalinivuta hata mimi. Nikaenda kuwauliza akina mama wanaoanika dagaa. Milembe alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Alisema bure ya pale hukatwa kwenye mizani. Ukiegesha pale, sangara wako humuuzii mtu mwingine, bei anapanga tajiri, nyavu na mafuta unakopa kwake, na ukitaka kuondoka unaambiwa umalize deni kwanza. Kaka, huyo hana tofauti na yule mnunuzi wa pamba aliyewagawia dawa ya kupulizia bila fedha, halafu mkalia siku ya kupima. Mwalo wa kijiji natoa ushuru wangu, kisha wanunuzi wanagombea samaki mbele ya macho yangu.

Nilipomweleza Shigela, aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi pamba ya Dutwa inavuliwa kwa nyavu. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ziwa halijawahi kumlowesha kupita magoti. Wakacheka zaidi.

Sasa kaka, kaa chini. Mtumbwi nimeshauhamishia mwalo wa kijiji, juzi, kweupe, kila mtu akiona. Unajua huku mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia, wanasema nyavu zitarudi tupu. Wavuvi wawili waliacha kasia wakaenda zao. Malimi, nahodha wa marehemu, alinisihi nibaki ufukweni, yeye ataupeleka. Nilikataa. Ungefika bila mwenyewe, Shigela angeudai kesho yake. Nikanawa miguu, kama Dastan alivyozoea ili asiingize udongo ndani, nikapanda, nikashika kasia. Msimamizi wa mwalo alipouliza ni wa nani, nilisema ni wangu.

Jioni ile ukoo ulikaa, na Shigela nikamkataa mbele yao wote. Atakuja kwako kudai ng'ombe. Usijifiche, kaka. Mwambie deni hilo ni langu, aje anidai mimi, na mtumbwi anajua ulipo.

Mwambie mama asilie, nakula na ninalala. Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani Kwandu. Ukipata nauli njoo unione, ila usije kunichukua.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Veronica