Sauti ya Mama Kwenye Kompyuta

Kaka yangu wa huko mbali,

Sisi wazima, na paka amezaa chini ya kabati. Uliniagiza niihangaikie kompyuta ya marehemu mama iliyogoma kuwaka, maana alijirekodi humo akikuaga. Nilifuata maelekezo yako yote: nikachomoa betri, nikabonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Kioo kikabaki cheusi tii. Fundi wa pale kona akaifungua, akachomoa kipande cha memori, akakisugua kwa raba ya penseli, akacheka: "Dada, ni vumbi tu hili!" Ikawaka.

Nikasikiliza peke yangu. Mimi niliyemgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, hakunitaja hata kwa bahati mbaya. Ni wewe tu, wewe ambaye hata kuzika hukuja. Nimechumia juani, kaka, halafu wewe ndiye wa kulia kivulini? Amekuachia neno zito. Nililia.

Kisha nikalifuta.

Kompyuta naituma, inawaka vizuri kabisa. Neno la mama ninalo mimi. Ukilitaka, panda ndege uje mpaka kaburini. Utanikuta, na sitakwambia.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Dada yako