Mjohoro wa Mama

Kagunga, 19 Mei 2015

Kaka Yona,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila dagaa wameadimika.

Unakumbuka ulipokuwa mwalimu hapa, ulivyotutoa darasani kwenda mlimani kuiamkia mijohoro? Kila mtoto na mti wake, na shikamoo kabla ya kuhesabu majani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Leo mimi ndiye mwalimu, na nafundisha vilevile.

Sasa wakimbizi kutoka Burundi wamejaa ufukweni wakisubiri meli ya kwenda Kigoma, na kuni hakuna. Jana niliwakuta wanafunzi wangu mlimani, wanawafukuza kwa mawe akina mama wenye watoto mgongoni. “Mwalimu, wanataka kukata miti yetu!” Niliona aibu, kaka. Mimi ndiye niliyewafundisha kuipenda.

Nikachukua panga, nikaukata ule uliompandia marehemu mama, wanafunzi wakitazama. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi mwingi, lakini maharage ya wale akina mama yaliiva. Baadaye Ziada, mwanafunzi aliyekuwa mkali kuliko wote kwa kurusha mawe, aliniomba panga akaukate wake.

Najua utanuna. Nuna tu. Lakini mama angekuwepo, angeukata kabla yangu.

Mdogo wako,
Asnath