Kitabu Namba Thelathini na Moja

Kaka yangu Barasa,

Sauti ninayokukumbuka nayo si yako. Ni ya ile kompyuta ya tatu kutoka dirishani, ikisoma diski. Kwanza mlio mfupi, kama mtu anayesafisha koo, halafu mkwaruzo mrefu, halafu kimya, halafu mkwaruzo tena. Ulikuwa unasimama nyuma yangu, mkono juu ya kiti, na sote wawili tumezuia pumzi, kwa sababu diski nyingi zilikuwa kuukuu na mashine ilizikataa. Mkwaruzo ukiendelea, tulijua kitabu kimo. Hapo ulikuwa ukinigusa bega na kusema, "Imekubali, siz. Soma."

Naiandika barua hii wazi. Sifa zako zilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi, na sioni kwa nini jibu langu lifichwe ndani ya bahasha.

Kwa wasiotujua: tulikuwa wawili, wewe na mimi, katika nyumba ya mtaa wa Umoja. Baba aliachishwa kazi ya kiwandani kule Industrial Area akarudi Bungoma kulima, na Mama akabaki nasi, akiuza mboga sokoni Mutindwa. Wewe ulipata kazi ya kuwasimamia wanafunzi katika chuo cha kompyuta, ghorofa ya pili, pale Buruburu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya chuo kikuu kwa pointi moja, nikakaa nyumbani nikichambua sukuma wiki na kuchukia kila kitu.

Ni wewe uliyeniokoa. Hilo nalisema kwanza, ili usidhani nimelisahau.

Kila Jumamosi mwenye chuo, ambaye sote tulimwita Madam, alikutuma mjini kwenye ofisi ya rafiki yake iliyokuwa na intaneti. Huko ndiko ulikogundua kwamba watu wa ng'ambo walikuwa wanakaa na kuchapa vitabu vizima, vya waandishi waliokufa zamani, na kuviweka pale avichukue yeyote anayetaka. Ulirudi jioni ile huku macho yako yakiwaka. "Ni bure, Nekesa. Hawaulizi hata jina." Ulikuwa na diski moja mfukoni, umeifunga ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na wewe ulikuwa umelowa mpaka viatuni. Diski ilikuwa kavu kabisa. Nilikupenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Nilianza kusoma saa saba, wanafunzi walipotoka kwenda kula chipsi. Nilikuwa na saa moja tu. Madam alikubali kwa sharti kwamba nifagie na kupangusa mashine kabla hawajarudi. Maandishi yalikuwa meupe juu ya weusi, hayana picha, hayana jalada, na macho yalinitoka machozi nilipotoka nje juani. Nilinunua daftari nikachora mistari: namba, jina la kitabu, mwandishi, siku niliyomaliza, na sentensi moja ya kukieleza. Moja tu. Nilijiwekea sheria hiyo, na wakati mwingine sentensi hiyo ilinichukua siku tatu kuipata. Katika kurasa za nyuma niliandika vile ambavyo nilikuwa sijavisoma, nikivipanga kama mtu anayepanga safari. Hiki baada ya kile. Kile kisisomwe kabla ya hiki. Hakuna mwalimu aliyenipangia.

Vitabu virefu havikuenea kwenye diski moja. Ulivikata vipande viwili, na hapo ukaleta sheria yako: hunipi sehemu ya pili mpaka nikusimulie ya kwanza. Ulisema umeshavisoma vyote na unataka kuona kama nimeelewa. Basi tulitembea kutoka Buruburu kupitia Mutindwa, mimi nikisimulia, wewe ukiuliza. Kwa nini yule mjane alirudi? Yule ndugu mdogo alijuaje? "Na wewe mwenyewe unaonaje?" ulipenda kuuliza, na mimi niliona nimepewa heshima kubwa. Hakuna mtu mwingine katika Umoja nzima aliyetaka kujua ninaonaje. Tulipofika kwenye kibanda, Mama aliinua kichwa kutoka kwenye nyanya zake na kuuliza tunabishana nini tena. Ulimjibu kwamba binti yake amekuwa profesa.

Sasa nifike kwenye namba thelathini na moja.

Stima ilipotea Buruburu kwa wiki nzima, mashine hazikuwaka, na sikuwa na cha kusoma. Nilichoka kukaa. Nikafungua daftari, nikaandika namba thelathini na moja, na mbele yake jina la kitabu kisichokuwepo. Nililiandika kwa Kiingereza ili lifanane na wenzake; maana yake ni Chumba cha Nyongeza. Kwenye safu ya mwandishi nikaandika, "Hajulikani." Kilikuwa kitabu changu. Nilikuwa nimeanza kukitunga kichwani nikiangalia jinsi majirani wetu walivyokuwa wakijenga ekstensheni, chumba juu ya chumba, mpaka ua ukawa kama kisima. Lakini ningesema nini? Kwamba mimi, ninayefagia chuo, naandika kitabu? Nilikificha katikati ya vitabu vya wafu ambapo hakuna ambaye angekitafuta.

Wewe ulikiona. Tulikuwa karibu na reli, ulikuwa unapekua daftari huku unatembea. "Na hii thelathini na moja?" Nikaona haya kukwambia ukweli, nikakusimulia kama vile vingine. Mwanamke mjane katika mji wa mbali anajenga chumba kimoja uani akipangishe. Kisha cha pili. Kisha juu yake. Siku moja anafungua dirisha la chumba chake na kukuta ukuta. Nilisubiri uniambie hukikumbuki kitabu cha namna hiyo, ili nicheke na kukiri.

Ukaitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo niliimaliza kitambo," ukasema. "Mwisho wake unauma, siz. Utaona."

Mwisho haukuwepo, Barasa. Nilikuwa sijaufikiria.

Nilitembea nawe hadi nyumbani. Nilijua hapo hapo kwamba hukuwahi kusoma hata kimoja. Lakini nilikuhurumia. Nilijiambia unaona haya tu, kwamba kaka mkubwa hapendi kuachwa nyuma na mdogo wake. Ningekuuliza siku ile, huenda yote haya yasingetokea, na hilo ni kosa langu, nalibeba. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda zile safari za jioni na niliogopa zikome.

Miezi michache baadaye ukatuambia umepata nafasi ya kusoma Kanada, kupitia shirika moja la masomo lenye ofisi mjini. Mama alipiga magoti katikati ya jikoni. Baba akapanda basi kutoka Bungoma akiwa na jogoo. Kamati ikaundwa, kadi zikachapwa, harambee ya kukuchangia ikapangwa katika ukumbi wa kanisa.

Mimi nilikuwa nagawa soda. Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti akakuuliza, hebu waambie wazazi hawa, uliwaambia nini wale watu mpaka wakakuchagua wewe kati ya wengi. Ukasimama. Ulikuwa umevaa koti la Baba. Ukasema walikuuliza juu ya vitabu ulivyosoma kwa hiari yako, nje ya darasa, na wewe ukawaambia hasa juu ya kimoja.

"Ni kuhusu mwanamke aliyejenga mpaka akajizibia jua," ukasema.

Hiyo ndiyo sentensi yangu. Ndiyo niliyoiandika kwenye daftari mbele ya namba thelathini na moja, neno kwa neno. Siku nne ilinichukua.

Mama mmoja wa nyuma akasema huyo mwanamke anamjua, ni landilodi wake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko na kupiga makofi. Wewe ulicheka nao. Ukaendelea kwa kuwaeleza maana yake, kwamba tusijenge tukasahau mwanga, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshika chupa na kifungulio. Jirani yetu mmoja akanivuta nguo akaniambia, "Na wewe Nekesa, si usome kama kaka yako, badala ya kuzubaa na soda za watu?"

Nikamfungulia soda yake. Nilikuangalia. Uliniona, na ukatazama pembeni upesi. Kwa hiyo ulijua. Sitaki mtu yeyote aniambie hukujua.

Nilinyamaza tena, kwa ajili ya uso wa Mama.

Ulipoondoka, Madam alisafisha droo yako akaniita. Alinipa diski tisa zenye mwandiko wako: Sehemu ya Pili. Barasa, nilifurahi. Sikiliza jinsi nilivyokuwa mjinga: hata baada ya ukumbi ule, nilifurahi. Nilidhani umeniachia miisho. Nilikaa kwenye kompyuta ya tatu, nikaingiza diski ya kitabu namba kumi na tisa, ambacho hukuwahi kunipa sehemu yake ya pili, nami nilikuwa nimekiacha mahali ambapo msichana amesimama mlangoni na barua mkononi na hatujui kama ataifungua. Mlio mfupi. Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo.

Hakikuwemo. Ulikuwa umekifuta ili upate mahali pa kuweka barua zako za maombi. Nikaingiza ya pili, na ya tatu. Yule msichana angali amesimama mlangoni mpaka leo. Katika diski ya nne nikakuta orodha yangu yote, imechapwa vizuri, na juu yake umeandika: Vitabu Nilivyosoma. Sentensi zangu zote, kila moja kwenye mstari wake. Hukubadilisha hata nukta. Namba thelathini na moja iko mahali pake, mwandishi hajulikani.

Madam alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akavua miwani. "Haya si maneno ya Barasa," akasema. "Barasa hata kile kitabu cha maelezo ya printa alikuwa ananiomba nimsomee."

Yeye ndiye mtu wa kwanza kunipa haki yangu, na hakujua kwamba ananipa.

Kisha mwezi uliopita ikaja imeili yako, ambayo Madam alinichapia. Unasema baridi ni kali, chakula hakina chumvi, unamsalimu Mama. Unasema masomo ni magumu kidogo, kuna insha nyingi, na ungeomba nikutumie sentensi zangu za vitabu vipya, kama kumi hivi. "Wewe unazitoa rahisi tu, siz." Na mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo: mwalimu wako mmoja amekipenda sana kile kitabu cha mwanamke na dirisha, ametafuta katika maktaba yao yote hakukipata, na anataka kujua kiliandikwa na nani.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilicheka mpaka Madam akaniletea maji.

Nilimwambia Mama, kibandani, katikati ya wateja. Nilimwambia yote. Alikuwa anafunga mafungu ya sukuma na hakuacha kufunga. Akasema wewe uko peke yako nchi ya watu, ukirudishwa tutaficha wapi uso, na watu waliokuchangia tutawaambia nini. "Mpe mwenzako, Nekesa. Si ni maneno tu? Hayaishi. Na hivyo vitabu vyenyewe si vilikuwa vya bure?"

Vilikuwa vya bure, ndiyo. Macho yaliyovisoma yalikuwa yangu. Njaa ya saa saba ilikuwa yangu, na siku nne za kutafuta sentensi moja zilikuwa zangu. Nimechoka kuambiwa kwamba kitu kisichokuwa na bei hakina mwenyewe.

Na linaloniudhi kuliko yote, kaka, ni hili: ungeniomba, ningekupa. Ungeniambia pale relini kwamba huwezi kusoma kurasa kumi bila usingizi kukuchukua, kwamba unaogopa kukaa Buruburu ukiwawashia watoto wa watu mashine mpaka uzeeke, ningekupa daftari zima na kukufunza kila sentensi. Tungekwenda ukumbini wote wawili tukijua. Badala yake ulinifanya nisimulie kama mwanafunzi anayetahiniwa, ukachuma, ukaniacha na kifungulio cha soda.

Kwa hiyo sikukutumia sentensi kumi. Wala sikujibu swali la mwalimu wako, si kwa imeili.

Nilikwenda kwenye ofisi ya lile shirika, nikachukua fomu, ile ile uliyojaza. Walipouliza vitabu, nilinakili orodha yangu kutoka kwenye daftari, yote, kwa sentensi zile zile, kwa mpangilio ule ule, ingawa najua wana ile yako katika faili zao na kwamba kuna mtu huko atazilaza mbili kando kwa kando. Sikuiondoa namba thelathini na moja. Kwenye safu ya mwandishi nilifuta "Hajulikani" nikaandika jina langu, na nikaambatisha sura kumi na moja nilizochapa saa saba, kwenye kompyuta ya tatu, njaa ikiniuma kama zamani. Pamoja na mwisho. Mwisho nimeupata, na huujui.

Jumanne niliipeleka bahasha posta ya Buruburu, nikaisajili. Risiti iko ndani ya daftari. Mama hajasema nami tangu siku hiyo.

Vaa nguo nzito.

Mdogo wako,
Nekesa