Usiipokee Saa ya Bwana Garside

Queensburgh,
Durban,
Afrika Kusini.
9 Juni 1998

Mpendwa mwanangu Boniface,

Pokea salamu za mama yako mdogo. Hujambo wewe? Marcelline na watoto hawajambo? Baridi ya huko Uingereza imepungua? Mimi bado napumua, lakini moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha kunitajia tarehe ya kurudi kliniki. Nisamehe mwandiko.

Ambokile ataituma barua hii kwa faksi kutoka ofisi yao ya meli bandarini, maana ya posta haitakuwahi kabla ya Jumapili. Nimemwomba asiisome. Akiisoma, basi. Naye ni ndugu yako, ajue.

Nimeona ulivyohangaika huko kumtafuta baba yako: sensa za zamani, daftari za ubatizo za parokia, ramani ya kijiji cha Yorkshire na ile nyumba uliyoizungushia wino mwekundu. Umemfikia hadi Bi Garside, kikongwe wa miaka tisini, ambaye Jumapili hii atakukabidhi saa ya marehemu kaka yake, Bwana Garside, kwa kuwa anaamini wewe ni damu yake.

Mwanangu, usiipokee. Bwana Garside si baba yako.

Kosa limeanzia kwenye ramani ya kwetu Rungwe. Umeona "Shamba la Garside", ukaona ilichapwa 1955, nawe ulizaliwa 1954, ukaunganisha. Soma maandishi madogo ya pembeni: nchi ilipimwa 1947. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, na jambo hilo niliwakemea wanafunzi kila muhula. Garside aliuza shamba akaondoka kabla dada yangu Bupe, mama yako, hajaanza kazi pale. Aliyenunua ni Bwana Penhale, mtu wa Cornwall. Huyo ndiye baba yako.

Ningeweza kukuambia tangu barua yako ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu ukimfuata Penhale unafika kwangu.

Mwaka 1961, mama yako akiwa ameshafariki, Penhale alikuwa anahamia Durban. Akaja nyumbani kukuchukua. Utakumbuka nilivyokupeleka ghafla kwa mjomba Kyela, ukalia njia nzima. Nilimwambia umekufa kwa surua. Alipoomba kuona kaburi, nilimwonyesha la mtoto wa jirani. Alipiga magoti pale, kofia mkononi, nami nimesimama nyuma yake.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilikuokoa na sheria za makaburu, ambazo zisingekuruhusu hata kulala chini ya paa moja naye. Ni kweli, zisingeruhusu. Lakini siku ile sikuzifikiria. Ambokile alikuwa hajazaliwa, sikuwa na mtoto, nawe ulikuwa umeanza kuniita mama.

Nakala za ramani zako zilipofika mwezi uliopita, nilimwomba Lyse, binti wa Kirundi anayenihudumia, atafute jina la Penhale katika kitabu cha simu. Akapiga namba hii na ile, mara akaziba simu kwa kiganja.

"Eish, Mama! Muzee iko! Iko muzima, iko hapa hapa Queensburgh, kwa nyumba ya wazee!"

Jumamosi tulikwenda. Amepungua, haoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti. Akasema kwa Kiswahili chake kilekile cha shambani:

"Wewe dada ya Bupe. Wewe sema toto kufa."

"Nilikudanganya, Bwana. Yuko hai. Yuko Uingereza, ana watoto."

Akaniuliza:

"Basi mimi lia kaburi ya nani?"

Nikamwambia: Coletha, binti wa jirani. Akalirudia jina hilo polepole, kama mtu anayetaka kulishika vizuri. Kisha akagonga sakafu kwa fimbo.

"Wewe kwenda. Usirudi hapa. Toto peke yake kuja."

Lyse alitaka kumjibu, "Na wewe muzee, unafukuza mugonjwa?" Nikamvuta mkono tukatoka. Ana haki.

Kwa hiyo leo hii mpigie simu Bi Garside, kabla hajaanza kuandaa meza. Mwambie kosa ni la ramani, na kwamba aliyejua alinyamaza. Asikuone mwongo wewe.

Halafu ukate tiketi. Penhale ana miaka themanini na minane, na mimi hali yangu nimekueleza. Ukishuka uwanja wa ndege, usije kwangu. Nenda kwake kwanza, ukae naye kadiri atakavyotaka. Mimi nitangoja, na nikiwa sikungoja vya kutosha, usijilaumu.

Wasalimie sana Marcelline na wajukuu zangu. Ambokile na Lyse wanakusalimu. Mungu akutangulie katika simu hiyo na katika safari hii, na asikuondolee upendo wa mtu yeyote kwa sababu yangu.

Wako akupendaye, aliyekulea,

Atuganile