Somo la Yoga Uani kwa Mama Kulwa

Tanga, Jumatatu ya kwanza ya Juni. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu, Mama Kulwa,

Umeniambia kwenye simu kwamba chumba cha nyuma umekipaka chokaa, na kwamba wanawake wa mtaa wenu wa Nyasubi wanauliza mwalimu wa yoga, yaani mimi, atarudi lini, akae moja kwa moja. Najibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unajua nilivyoianza kazi hii. Nilibeba katani ghalani mpaka mgongo ukagoma, na mjane mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, akanifundisha barazani kwake kupumua na kujinyoosha. Nilikuwa na miaka hamsini. Kuinama hakukunipa shida: nilimkumbuka mama akipalilia pamba, miguu imenyooka, mgongo umenyooka, anakunja nyonga tu. Hata leo nafundisha hivyo.

Nilipokuja mwaka juzi ulitandika mikeka uani, ukawaita wenzako mnaoponda nao mawe ya dhahabu. Mama Rehema, jirani yako, akauliza, "Shikamoo mzee. Haya ni mazoezi au tunaitiwa majini?" Tulicheka sote. Mwishoni nikawaambia mlale chali, viganja juu, mfumbe macho, "kama maiti." Ndivyo nilivyofundishwa.

"Maiti uwe mwenyewe!" Mama Rehema akainuka. "Mimi nina watoto wa kusomesha."

Wenzako walicheka tena. Wewe hukucheka. Ulilala kama nilivyosema, kwa kuwa mimi ni kaka yako, na vidole vyako viliushika mkeka mpaka niliposema inatosha. Asubuhi, ukinimiminia uji, ukasema, "Kaka, nikilala vile namwona Baba Kulwa walivyomtoa duarani."

Nilijua kwamba mumeo alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji, akichimba dhahabu. Niliambiwa kwa simu, na sikuja kuzika. Aliyekuwepo mazikoni asingelitamka neno lile la maiti kwenye ua ule.

Tangu hapo nauliza kwanza. Anayetaka kumaliza ameketi, mgongo ukutani na macho wazi, anaketi. Hapa Tanga wananisifu kwa upole huo. Sijawaambia nilikojifunza.

Mama Rehema ananiambia kwamba kila Jumamosi unawaongoza mwenyewe, na kwamba hakuna anayelala chali. Mnamaliza mmeketi, mnaongea. Habari hiyo ndiyo iliyonisaidia kuamua. Nikirudi utanipisha mbele, na nikikosea utatii na kunyamaza. Nakufahamu. Sitaki uache kufundisha kwa ajili ya heshima yangu.

Nyumbani napakumbuka. Kuna siku nasema Kisukuma peke yangu, kwa sauti, nisije nikakisahau. Lakini wanawake hao wameshapata mwalimu, naye anajua walichopoteza bila kuambiwa.

Chumba mpe Kulwa na mkewe. Mimi sitarudi.

Kaka yako