Msichana Ndani ya Ngoma

Kwa Mama yangu huko Kisumu,

Hapa mtaani Satellite kwa Shangazi Everlyn hatujambo. Nimegundua riwaya mpya zinazosimulia upya ngano za kale. Ninayosoma sasa ni ile ya zimwi lililomfungia msichana ndani ya ngoma. Uliponisimulia wewe, mama yake aliitambua sauti ya mwanawe akiimba ndani, akaipasua ngoma. Katika riwaya hii mama anaitambua, kisha ananyamaza, kwa sababu ameolewa upya.

Shangazi hucheka, "Wewe na mazimwi yako!" Sijamwambia kwamba Jumapili nilikupigia simu, nikakusikia ukimwambia mumeo, "Ni mtu amekosea namba."

Shule zinafungwa Ijumaa. Shangazi ameniuliza kama utakuja kunichukua. Nimemjibu kwamba bado unapanga.

Ni mimi mwanao,
Lornah